Miaka ya Uzoefu na Ufunguo wa Mlango: Tahakiki ya Taarifa za Kikosi Kazi cha Akili Mnemba cha Uingereza

Mwezi Septemba 2023 Serikali ya Uingereza ilitoa taarifa ya kwanza ya kikosi kazi chake kilichopewa jukumu la kuchunguza usalama wa akili mnemba, yaani ile mitambo ya kompyuta iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno hata ikaweza kujibu maswali, kutafsiri na kutunga programu. Taarifa ya pili ikafuata tarehe 30 Oktoba, siku chache kabla ya mkutano wa mataifa uliofanyika Bletchley Park. Zote mbili ni fupi, lugha yake ni nyepesi, na mwandishi wake ni mwenyekiti wa kikosi, Bwana Ian Hogarth. Zinastahili kusomwa na kila kada na kila mwanafunzi anayejiuliza swali hili: kiongozi wa utafiti wa Serikali afanye nini pale ambapo kitu anachotakiwa kukichunguza ni mali ya mtu mwingine? Taarifa haziulizi swali hilo kwa maneno hayo. Lakini limo ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho, na mambo yaliyotokea baadaye yameonyesha kwamba ndilo lililokuwa swali lenyewe.

Tuanze na kinachostahili kusifiwa. Bwana Hogarth hakuficha unyonge wa dola yake. Anasema kwamba alipoingia kazini mwezi Juni, wizara ilikuwa na mtafiti mmoja tu wa safu ya mbele ya fani hiyo aliyeajiriwa kwa muda wote, naye alikuwa na uzoefu wa miaka mitatu. Mmoja! Nchi iliyomzaa Alan Turing, nchi yenye vyuo vya Oxford na Cambridge, na ambayo mwaka ule ule ilikuwa ikijitangaza kuwa itaongoza dunia katika jambo hili, ilikuwa na mtu mmoja na miaka yake mitatu. Ni mara chache serikali yoyote kukubali ukweli wa namna hiyo katika hati ya hadharani. Kisha mwenyekiti anaeleza alivyotafuta watu. Fungu lililotengwa lilikuwa pauni milioni 100, na nafasi za utafiti baadaye zilitangazwa kwa mishahara iliyofika pauni 145,000 kwa mwaka. Kufikia Septemba, akijumlisha miaka ya watafiti wake wote, alipata zaidi ya 50. Oktoba akapata 150. Hesabu hiyo anaitoa kuwa kipimo cha uwezo wa dola katika fani hii.

Wako watakaoicheka. Isichekwe upesi. Serikali isiyo na watu wanaoweza kuipima mashine kwa mikono yao wenyewe huletewa maelezo na mwenye mashine, nayo kazi yake hubaki kupiga muhuri. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika mazungumzo ya mkataba ambapo upande mmoja umekuja na wataalamu ishirini na upande wa pili una mmoja, tena aliyeteuliwa juzi, anajua mazungumzo hayo huishaje. Kwa hiyo aliyeamua kwamba kazi ya kwanza ya kiongozi ni kuwapata watu wenye ujuzi, kabla ya kuunda kamati na kuandika sera, aliamua sawasawa.

Kasoro iko penginepo. Miaka hiyo ya uzoefu ilichumwa wapi? Sehemu kubwa ya uzoefu wa aina hii hupatikana ndani ya makampuni machache, kwa sababu huko ndiko ziliko kompyuta zenyewe. Modeli kubwa ya akili mnemba haifunzwi kwa kompyuta ya mezani. Huhitaji maelfu ya vichakato vya bei kubwa vinavyofanya kazi pamoja kwa wiki na miezi, na gharama hiyo vyuo vikuu vingi haviiwezi. Dola ya Uingereza ilipokuja kujenga mtambo wake wa Isambard-AI mjini Bristol, wenye vichakato zaidi ya 5,000, ulianza kazi kwa ukamilifu Julai 2025, yaani miaka miwili baada ya kikosi kuundwa. Basi uwezo wa dola ulikuwa ukipimwa kwa muda ambao watu wake waliutumia kwa wenye mitambo. Sisemi kwamba watafiti hao ni vibaraka. Geoffrey Irving, aliyepata kufanya kazi OpenAI na baadaye Google DeepMind, aliacha huko akaja kuongoza utafiti wa Serikali, na hakuna sababu ya kumtilia shaka. Ila mtu huja na maswali ya alikotoka. Nini kihesabiwe kuwa hatari, nini kiitwe mafanikio, kipi kipimwe kwanza: haya huamuliwa na mazoea ya kazi kuliko na nia njema.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mwekezaji katika makampuni mengi ya fani hii, jambo alilolitangaza waziwazi, na Serikali ikaeleza kwamba masharti yamewekwa ili kuzuia mgongano wa maslahi. Msomaji aliyelelewa wakati wa miiko ya uongozi ya mwaka 1967, iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, ataona maelezo hayo ni mepesi. Hata hivyo nisingependa tahakiki hii iishie kwenye hisa za mtu mmoja. Wapo waandishi waliofanya hivyo, nao wakaona wamemaliza kazi.

Jambo zito zaidi ni nani aliyeachwa nje ya hesabu. Januari 2023, miezi michache kabla ya kikosi kuundwa, jarida la Time la Marekani lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuainisha maandishi machafu, ya ubakaji, mauaji na mateso, ili modeli ya OpenAI ifunzwe kuyatambua na kuyakataa. Kwa mujibu wa jarida hilo, walichopeleka nyumbani kilikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 hivi kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi kama hizo walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Huo ndio usalama wa akili mnemba katika hali yake ya awali kabisa: kuna binadamu aliyekaa mbele ya uchafu huo kwa saa nyingi ili mashine ijue kwamba ni uchafu. Akiulizwa mtu wa namna hiyo ni wapi kinga ya modeli huvuja, atakuwa na la kusema ambalo mtaalamu wa hesabu hana. Lakini miaka yake haiingii katika ile 150 ya London. Kipimo kimemhesabu aliyeijenga mashine, kikamsahau aliyeisafisha.

Sasa tuje kwenye Bletchley. Waingereza walichagua mahali hapo kwa makusudi, maana ndipo walipovunja maandishi ya siri ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hotuba za Novemba 2023 zilimtaja sana Turing. Mtu aliyefaa zaidi kukumbukwa ni Tommy Flowers, mtoto wa fundi matofali wa mashariki ya London, aliyekuwa mhandisi wa Posta. Yeye na wenzake katika kituo cha utafiti cha Posta kilichokuwa Dollis Hill ndio waliojenga Colossus, mtambo wa elektroniki wenye vali zaidi ya 1,500, uliofikishwa Bletchley Januari 1944. Mpaka vita vinakwisha mitambo kumi ya aina hiyo ilikuwa imejengwa. Tazama mpangilio wake: kituo kilikuwa cha umma, fundi alikuwa mtumishi wa umma, mtambo ulikuwa wa umma, na walioundesha, wengi wao wanawake wa jeshi la majini, walikuwa chini ya dola hiyo hiyo. Kiongozi wa utafiti hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu ili auone mtambo. Ni kweli kwamba umiliki huo nao ulikuwa na dhambi yake. Baada ya vita sehemu kubwa ya mitambo ilivunjwa, na Flowers akalazimishwa kunyamaza hadi miaka ya 1970, ujuzi ule ukawa kama haukuwapo. Mtu asidhani kwamba dola ikimiliki tu basi umma umefaidi.

Lakini linganisha na mwaka 2023. Tarehe 12 Juni Waziri Mkuu Rishi Sunak alitangaza kwamba Google DeepMind, OpenAI na Anthropic yameahidi kuipa Serikali nafasi ya mapema ya kuziona modeli zao. Novemba, pale pale Bletchley, makampuni yakakubali tena kwamba modeli zipimwe na serikali kabla ya kutolewa. Waziri Mkuu alikuwa amesema siku chache kabla kwamba haifai makampuni yajisahihishie mtihani yenyewe. Maneno mazuri. Ila yote haya yalikuwa hiari. Hapakuwa na sheria iliyosema kwamba kampuni ikikataa itafanywa nini. Mwenye nyumba alikuwa amemkaribisha mgeni, na mgeni hapangi avioneshwe vyumba vipi.

Matunda ya hali hiyo yalionekana Mei 2024. Kikosi kilikwisha kuwa Taasisi ya Usalama wa Akili Mnemba tangu Novemba iliyotangulia, nayo ikatoa matokeo ya kupima modeli tano kubwa. Matokeo yenyewe ni ya kazi nzuri. Baadhi ya modeli zilijibu maswali ya kemia na biolojia kwa kiwango cha msomi wa shahada ya uzamivu. Katika mazoezi ya kuvunja ulinzi wa kompyuta ziliweza yale ya kiwango cha sekondari, zikashindwa na yale ya chuo kikuu. Na kinga za modeli zote tano, zote bila kuacha hata moja, zilivunjwa kwa hila za kawaida. Modeli hizo ni zipi? Taarifa inaziita Nyekundu, Zambarau, Kijani, Bluu na Njano.

Yafaa tutue hapa kidogo. Fikiri Bwana Afya amekagua mabucha matano ya sokoni, akakuta yote yana nyama isiyofaa, kisha akabandika tangazo kwamba bucha Nyekundu, bucha Bluu na bucha Njano yana kasoro. Mnunuzi afanye nini na tangazo hilo? Atajibiwa kwamba lengo lilikuwa kuonyesha mbinu za ukaguzi, na kwamba wenye mabucha wasingefungua milango kama wangetajwa. Jibu la pili linaelekea kuwa na ukweli, na ndilo linaloeleza udhaifu wenyewe. Kazi ya utafiti ilifanyika kwa umahiri, tena na watu wa Serikali wanaolipwa na umma. Walichokosa ni haki ya kusema walichokiona. Hiyo haipatikani kwa kuongeza miaka ya uzoefu kutoka 150 hadi 500.

Haki itendeke: baadaye mambo yalisogea. Novemba 2024 taasisi ya Uingereza na mwenzake wa Marekani zilitoa ripoti ya pamoja juu ya modeli mpya ya Anthropic waliyoipima kabla haijatolewa, na Desemba wakatoa nyingine juu ya modeli ya OpenAI, majina yakitajwa. Ni hatua. Lakini ni hatua iliyopigwa kwa ridhaa ya mwenye mali. Chama cha Labour kiliahidi katika uchaguzi wa Julai 2024 kuweka sheria ya kuyabana makampuni machache yanayotengeneza modeli zenye nguvu kuliko zote. Mwaka mzima ukapita muswada haujaonekana Bungeni. Jumuiya ya Ulaya ilikwenda njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2024 inaipa Kamisheni mamlaka ya kuidai modeli ili ipimwe, na faini kwa mtengenezaji mkaidi inaweza kufika asilimia 3 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, mamlaka hayo ya faini yakiwa yamepangiwa kuanza Agosti 2026. Kama ofisi ya Brussels ina watafiti wenye ubora wa wale wa London ni jambo la kujadiliwa. Sheria bila wapimaji ni karatasi, na katika hilo Bwana Hogarth ana haki kabisa.

Pigo jingine halikutoka kwa makampuni. Tarehe 14 Februari 2025 Waziri Peter Kyle alitangaza kwamba taasisi inabadilishwa jina. Hapa Kiswahili kinatutega. Waingereza wana maneno mawili: moja ni la usalama wa mtu asidhurike na kitu, kama mfanyakazi na mashine ya kiwandani, la pili ni la ulinzi dhidi ya adui, kama tunaposema Usalama wa Taifa. Jina liliondoka kwenye neno la kwanza likahamia la pili. Sisi tukitafsiri tunaandika "usalama" kabla na "usalama" baada, na msomaji anapita bila kujua kwamba kuna kitu kimeondolewa. Nacho kimeondolewa kweli, maana tangazo lilieleza kwamba taasisi haitashughulikia upendeleo wa mashine wala uhuru wa kusema. Itakazania silaha za kemikali na kibiolojia, uvamizi wa mitandao na uhalifu, pamoja na kikosi kipya cha kushirikiana na Wizara ya Mambo ya Ndani. Mambo haya ni mazito, hakuna anayebisha. Lakini mwanamke anayenyimwa mkopo na mashine iliyofunzwa kwa kumbukumbu zenye ubaguzi naye amedhuriwa, na sasa dhara lake limetolewa katika orodha ya maswali ya taasisi hiyo kwa tangazo la siku moja. Ni afadhali waandishi wetu wazoee kuandika "usalama wa watumiaji" na "ulinzi wa dola" kila yanapohusika, hata kama sentensi itarefuka.

Kule Marekani mambo yalikwenda mbio zaidi. Taasisi yao ilizaliwa kwa amri ya Rais Biden ya Oktoba 2023. Agosti 2024 ikatiliana saini na OpenAI na Anthropic. Januari 20, 2025 amri ile ikafutwa na Rais Trump siku ile ile aliyoapishwa, mkurugenzi akaondoka mwezi uliofuata, na Juni jina likabadilishwa, neno usalama likatolewa kabisa na mahali pake pakawekwa viwango na ubunifu.

Tukirudi kwenye taarifa za 2023 baada ya kuyajua haya, tunaona kilichopungua katika maelezo yake ya uongozi. Mwenyekiti anajivunia kujenga kitu kama kampuni changa ndani ya Serikali: kuajiri haraka, kukwepa urasimu, kuleta vipaji. Yote hayo ni mambo ya mwendo. Kiongozi wa utafiti wa umma ana kazi mbili zaidi ambazo kampuni changa haina: kuhakikisha kwamba haki ya kuingia na haki ya kutangaza zimeandikwa mahali ambapo mwenye mali hawezi kuzifuta, na kulinda orodha ya maswali isibadilishwe na waziri anayefuata. Kikosi kilipoundwa kilikuwa na nguvu ya kudai yote mawili. Waziri Mkuu alikuwa nyuma yake, dunia ilikuwa inatazama, makampuni yenyewe yalikuwa na hofu. Nguvu hiyo ilitumika kupata watu na ahadi.

Iko kazi moja ya taasisi hii ambayo itadumu kuliko ahadi hizo. Mei 2024 ilitoa bure programu yake ya kupimia modeli, iitwayo Inspect, kila mtu aweze kuitumia na kuirekebisha. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kuichukua leo. Hapo fedha ya umma imezaa kitu cha umma, na hakuna waziri anayeweza kukirudisha.

Na inatuhusu, kwa sababu Kenya na Rwanda, pamoja na Nigeria, ndizo nchi za Afrika zilizotia sahihi tamko la Bletchley, na Kenya ilikuwa nchi pekee ya Afrika katika mtandao wa kimataifa wa taasisi hizi uliokutana San Francisco Novemba 2024. Mwaka 2025 mtandao huo ulifanya jaribio la pamoja, Singapore ikiongoza, la kupima kinga za modeli katika lugha kumi. Kiswahili kilikuwa mojawapo. Jaribio lilionyesha kwamba nguvu ya kinga hutofautiana baina ya lugha na lugha, na kwamba mashine ikiachiwa isahihishe majibu ya mashine mwenzake hukosea, hivyo hapana budi awepo mtu mwenye lugha yake.

Si ajabu. Chukua neno moja tu, "dawa". Kuna dawa ya malaria, dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa za kulevya, dawa ya meno, na dawa ya mganga ambayo yaweza kuwa ya kuponya au ya kumdhuru jirani. Swali linalouliza jinsi ya kuchanganya dawa haliwezi kuainishwa kuwa salama au hatari na mtu aliyejifunza Kiswahili kwenye kamusi. Atakayeliainisha sawasawa ni muuza duka la dawa wa Tanga, au mmoja wa wale waliokuwa wakisoma maandishi Nairobi kwa dola mbili kwa saa. Kama mtu huyo ataandikwa katika orodha ya watafiti, au ataitwa kibarua wa siku tatu kisha aondoke, ni jambo ambalo wajumbe wa Kenya wanaweza kulitaka lijibiwe kabla ya jaribio lijalo.